Naenda Kurudi

Babu,

Nakuandikia nikiwa mlangoni pa duka la mama hapa Magarama, maana umeme umekatika na hapa bado kuna mwanga. Sukari imeadimika tena. Mafuta ya gari ndiyo usiseme: Gitega nzima inatembea kwa miguu, hata wenye suti. Ungewaona ungecheka na kusema, "Hatimaye wamejifunza!"

Jumamosi tulikuja Giteranyi kumaliza matanga yako. Basi halikupatikana, hivyo mimi na mama tukapanda lori la vitunguu mpaka Muyinga, kisha baiskeli za abiria, tukishuka kwenye kila mlima. Nilinuka kitunguu hata mbuzi wako alinikwepa.

Njia nzima sikuwa na raha. Baba mdogo alikuwa ameagiza kwamba mimi, mjukuu wako wa kwanza, ndiye nitakayesema neno la kukuaga, na kabla ya neno hilo hakuna atakayeonja pombe. Mimi, Babu! Mimi ninayeitika jina langu darasani kwa kunong'ona.

Chungu cha pombe ya mtama kiliwekwa katikati ya ua, mirija imechomekwa. Wako ulikuwemo, ule wenye uzi mwekundu. Nikasimama. Nilikuwa nimekariri maneno mazuri sana kuhusu uhuru, kama ya kitabuni. Yote yakapotea. Watu wakangoja. Baba mdogo akasema, "Mpeni mrija jamani, huenda maneno yake yamezama chunguni!" Wakaangua kicheko, nami machozi yakanilenga.

Ndipo nikakuona, Babu. Nilikuona kama kila jioni, unavaa kofia, unashika fimbo, unakwenda mpaka njia panda na kugeuka. Si sokoni, si kanisani. Bibi anauliza, "Mzee, wapi tena?" Nawe unajibu, "Naenda kurudi." Uliwahi kuniambia kwamba ulipokuwa mkimbizi kule kambini, Tanzania, kutoka getini kulitaka kibali, na mtoa kibali alitaka sababu. "Sasa natembea bila sababu, mjukuu wangu. Huo ndio utamu wake."

Kusema kweli nilitaka kukimbia tu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Naenda kurudi," nikatoka.

Nilipofika kwenye migomba nikasikia miguu nyuma yangu. Bibi alikuwa ameshika fimbo yako. Nyuma yake baba mdogo, majirani, watoto, hata wale wazee waliokuwa wamekwisha kujisogeza karibu na chungu. Walidhani hilo ndilo neno lenyewe! Hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Njia panda tulisimama, tukatazama vilima vya ng'ambo, upepo ukatupiga usoni. Mtoto mmoja akaanza kuruka-ruka bila sababu yoyote. Kisha tukageuka.

Tuliporudi uani, Bibi akashika mrija wako, akanywa wa kwanza. Akaniambia, "Umesema vizuri." Sikumsahihisha. Na sasa nafikiri hakukosea.

Babu, sukari hatuna, lakini njia tunayo. Nakuahidi, kila jioni nitaitembea, kwa ajili ya utamu ule ule. Wewe pumzika, umetembea vya kutosha.

Nimevaa viatu. Mama amenisikia, anauliza toka ndani ninakwenda wapi saa hizi. Unajua nitakavyomjibu.

Mjukuu wako,
Goreti