Karatasi za Obadiah Strang

Chuo cha Ashbourne,
Ohio.
17 Juni, 1854.

Mpendwa dada Keziah,

Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Oregon, wewe na shemeji Lyman, na kwamba homa ya mtoto imekwisha kabisa. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haina afya. Tangu juzi natembea nimekunja ngumi mfukoni.

Mama hajambo. Wiki iliyopita alinitumia mkate wa mahindi na siagi, na anauliza kwa nini huandiki.

Sasa nikueleze lililonichoma. Unakumbuka hapa tuna vyama viwili vya fasihi, Aurora chetu na Themis chao. Kila kimoja kina ukumbi wake, maktaba yake na utepe wake, na watu wake hawasalimiani hata wakikutana mlangoni mwa kanisa. Mwaka mzima tunasubiri mdahalo wa Juni. Safari hii swali lilikuwa kama serikali iache kunyonga wahalifu. Aurora walinichagua mimi nitetee kitanzi. Themis walimtoa Obadiah Strang, mtoto wa mhunzi, mtu mpole mwenye kigugumizi, ambaye husema vizuri akiwa na maandishi mkononi tu.

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, mwenyekiti wetu Cornelius Vandegrift aliniita maktaba, akatandaza karatasi mezani.

"Soma, bwana mkubwa. Hotuba ya Strang hiyo, neno kwa neno."

"Umeipata wapi?"

"Dirisha la Themis bovu. Wewe unataka kushinda au unataka kuwa mchungaji?"

Wenzetu wakacheka. Nilisoma ukurasa wa kwanza, dada, nakiri. Ulimhusu kaka yake, aliyenyongwa kule Kentucky kwa mauaji ambayo mwezi mmoja baadaye mtu mwingine alikuja kuyakiri. Nikazikunja karatasi zote, nikazitia kotini. Vandegrift alidhani nakwenda kujiandaa.

Alhamisi, siku ya mdahalo, ukumbi ulijaa, wazazi na wasichana wa mjini wakijipepea. Strang akasimama mikono mitupu. Akasema, "Ka-ka-kaka yangu," akakwama. Aurora wakaanza kupigapiga sakafu kwa miguu. Vandegrift akapaza sauti:

"Mleteeni nyundo ya baba yake, labda hiyo itasema!"

Hata mabibi wenye umri wao walicheka. Na Themis wenyewe, badala ya kumtetea mtu wao, wakamzomea: "Kaa chini, unatuaibisha!"

Nikainuka, nikavuka ukumbi, nikamkabidhi karatasi zake mbele ya kila mtu. Nikasema kwa sauti, "Hizi ziliibwa na Aurora." Akasoma. Hakukwama hata mara moja. Waamuzi walimpa ushindi, nami sikutamka hata sentensi moja ya hotuba yangu.

Jana Aurora walikutana, wakafuta jina langu daftarini, wakanivua utepe kifuani. "Msaliti," Vandegrift akaniambia, "umetuuza kwa mtoto wa mhunzi." Wezi ndio wanaonifukuza mimi! Saa moja haijapita, mwenyekiti wa Themis akaja kunikaribisha chamani kwao, meno yote nje. Nikamfungia mlango usoni. Ni wale wale waliomzomea Strang, na sasa wanambeba mabegani uani.

Leo asubuhi nimemkuta Strang mwenyewe kisimani. Nilidhani atanipa mkono.

"Wickes, zilikuwa kwako tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Jumatano nzima nilikuwa nazitafuta. Uliniona nikizitafuta."

Nilimwona, dada. Nilimwona amepiga magoti, anapekua chini ya viti vya kanisa, nami nikapita na karatasi zake kotini, kwa sababu bado nilitaka kushinda. Akajaza ndoo yake, akaondoka bila kugeuka. Hasira yote niliyomwekea Vandegrift, sasa sijui niipeleke wapi.

Msalimie sana shemeji Lyman, mbusu Temperance mdogo, na umwambie mzee Hosea jirani yenu kwamba namkumbuka. Mungu ailinde ngano yenu na awape usingizi mwema kuliko wangu.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye leo kuliko anavyojipenda,

Asahel Wickes