Kisima Bila Birika

Mjukuu wangu Halima,

Salaam aleikum. Hapa Kiwanjani tu wazima, ila magoti ya nyanya yako yanamsumbua, na mvua imetunyima tena.

Unauliza kama ni utovu wa adabu kumwandikia rafiki wa baba yako, kabla ya kazi kuanza, orodha ya kurasa zitakazokuwamo katika tovuti unayomtengenezea na zile ambazo hazitakuwamo.

Nilipokuwa fundi mwashi kijana, Mzee Guyo wa Kulamawe, aliyenilea kama mwanawe, aliniambia, "Nijengee kisima." Nikajibu, "Ndiyo, abba," yaani baba kwa lugha yake, kwa maana niliona haya kumhoji. Nilichimba, nikajenga kuta, nikaondoka. Birika la kunyweshea ngamia sikulijenga kwa sababu hakulitaja. Naye hakulitaja kwa sababu kwake kisima huja na birika lake.

Kiangazi kilipokaza nilimkuta akinywesha kundi zima kwa karai, ngamia mmoja mmoja. Watatu walikuwa wamekufa wakingoja zamu.

"Si ulisema ndiyo?"

"Hukuniambia birika, abba."

"Ulidhani ngamia nitawapa kikombe?"

Hakunitukana. Alinikaribisha chai kama mgeni, na hakuniita tena mwanangu hadi tulipomzika.

Mwandikie, Halima. Msomee kila mstari, kisha umwulize ni nini kingine anachodhani kimo. Afadhali akununie leo, kazi ikiwa haijaanza.

Ni mimi babu yako, nikuombeaye heri.