Karavani Haitachoma Mujukuu Wangu

Siku ya ine ya juma, jioni

Mujukuu wangu amelala mchana wote bila jasho! Binti yangu Furaha alimuzaa juzi, na mama mukwe wake anataka kuwapeleka Butembo, kwenye baridi. Alinisema mbele ya watu: "Mama Furaha, mutoto halali ndani ya bati. Mutamuchoma kama mukate."

Bati gani? Hii karavani kubwa, nyumba ya magurudumu, wazungu waliojenga barabara walimuachia bwana yangu, mulinzi wao, siku walikimbia vita. Volkano ilipokula nyumba yetu, ndimo tuliingia.

Lakini niandike ukweli: jana saa sita ilikuwa inawaka. Nilitandika shitingi, turubai la plastiki, juu ya paa, nikaikandamiza na mawe meusi ya volkano, vile tulizoea katika kambi ya wakimbizi. Joto likazidi! Yale mawe yanakunywa jua na kulishusha kwetu.

Leo nimepanda paa mwenyewe, miaka yangu hii. Nimetupa mawe, nimesimamisha miti na kuinua shitingi juu yake, nimeifunga kamba, upepo wa ziwa unapita katikati yake na paa. Jirani akacheka: "Mama, unajenga kanisa?" Nikamujibu: "Ndiyo, leta sadaka!"

Saa nane nilimupapasa mutoto mugongo. Mukavu kabisa.

Naogopa upepo mukali utakata kamba. Ukikata, nitafunga tena. Furaha hawezi kumujibu mama mukwe wake, mimi naweza. Nimemutumia neno: aje na ukoo wote, wakae humu ndani saa sita, jua likiwa kichwani, ndipo waseme nani anaenda Butembo. Nawangoja siku ya Mungu, baada ya misa.