Ng'ombe Mmoja, Watu Wawili

Jumapili, Voi. Joto la leo halina adabu. Nimefungua madirisha yote mawili na bado kompyuta inahema kama mbwa aliyetoka kufukuza pikipiki. Lakini mimi nina furaha, na nisipoiandika hapa nitaanza kuwasimulia majirani.

Nianze na aibu, iishe.

Kwetu wananiita Saru wa Kuanza. Cherehani nilianza. Keki za harusi nilianza, mpaka nikanunua na vyombo vya kuokea. Kifaransa pia nilianza, sijui ningeongea na nani hapa Voi. Kwa hivyo niliposema miezi miwili iliyopita kwamba najifunza Python, baba aliuliza tu nitaacha lini, ili ajue.

Python ni lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo. Wiki ya kwanza nilitaka kulia. Kila somo ni class na object, class na object, na mimi kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo kwenye agrovet. Kilichonifungua macho ni fomu zetu pale dukani. Fomu tupu ndiyo class: ina nafasi ya jina la mnyama, umri, ugonjwa. Ukiijaza kwa ajili ya ng'ombe fulani, hiyo iliyojazwa ndiyo object. Fomu ni moja, ng'ombe ni wengi. Nilicheka peke yangu kaunta mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Kisha nikaingia Django, ambayo wanaiita framework. Mimi naiona kama nyumba iliyokwisha kujengwa kwa Python, ina kuta, paa na milango, kazi yako ni kuingiza vyombo vyako. Hapo kichwa kikavimba.

Shangazi Wakio, dada yake baba, ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa maziwa kule Werugha, milimani. Orodha ya ng'ombe wao iko kwenye daftari kubwa ambalo limenyeshewa mpaka kurasa zimeshikana. Jumanne daktari wa mifugo anapanda kuchanja, boma kwa boma, na anataka orodha safi: ng'ombe gani, yuko kwa nani. Nikamwambia shangazi kwamba programu yangu itaitoa. Naye, Mungu ambariki, akasimama mbele ya kikundi kizima akasema mtoto wa kaka yake ataileta Jumamosi. Isipokuwa sawa, ataiandika upya kwa mkono wake mwenyewe na hatawasumbua tena na mambo ya kompyuta.

Hakuna mtu aliyewahi kunisimamia hivyo. Niliogopa kuliko siku ya mtihani.

Basi jana nikapanda Werugha. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka saa nne, na mimi nimezoea Voi, nilikwenda na blauzi. Shangazi akanivika sweta lake la kijani. Tulikaa kwenye chumba cha kupimia maziwa, watu kama ishirini, nikafungua kompyuta, nikaanza kusoma orodha. Watu wakafurahi kusikia ng'ombe wao wakitajwa kwa majina, Bahati, Malkia, Sera. Nilikuwa nimeshaanza kujipa hongera moyoni wakati Mama Mghoi, mama mmoja mfupi mwenye gambuti, aliponiomba nimtafute yeye. Nikaandika jina lake. Kioo kikajibu: hana ng'ombe.

Na mimi nikasoma kwa sauti. Mbele za watu.

Mama Mghoi alisogea mpaka mbele yangu. "Sina ng'ombe," akasema. "Na huyu Sera ninayemkatia majani mwaka wa nne huu, ni mbuzi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Sera ni wa Mzee Mwadime, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, na ndivyo nilivyomwandika. Lakini haishi kwake. Mzee alimpeleka kwa Mama Mghoi amfugie, kama watu wa kwetu wanavyofanya tangu zamani. Mfugaji anakamua na kuchukua mbolea, na ndama wanagawana: wa kwanza ni wa mwenyewe, wa pili ni wa mfugaji. Karibu nusu ya ng'ombe wa kikundi kile wako hivyo. Daktari angefuata orodha yangu, angefika kwa Mzee Mwadime akute zizi tupu, na Sera angekosa chanjo.

Kinachoniuma ni kwamba nilijua! Maziwa niliyokunywa utotoni yalikuwa ya ng'ombe wa kufugiwa. Lakini somo nililofuata lilitoa mfano wa duka la vitabu, kila kitabu na mwandishi wake mmoja. Mimi nikatoa kitabu, nikaweka ng'ombe, nikatoa mwandishi, nikaweka mwenyewe, nikajiona fundi.

Shangazi hakunigombeza. Alichukua lile daftari, akalipangusa kwa kanga, akaliweka mapajani. Heri angenigombeza. Nilimwomba saa moja tu.

"Chukua mbili," akasema. "Ila hii usiiachie njiani."

Nikahamia na kompyuta kwenye benchi la pembeni. Kwenye class ya ng'ombe palikuwa na nafasi ya mwenyewe tu, nikaongeza ya mfugaji. Mstari mmoja! Django ikagoma. Ilitaka kujua, mtu akiulizwa ng'ombe wake, ilete wale anaowamiliki au wale anaowafuga? Nikazipa pande zote mbili majina. Nikadhani nimemaliza, ikaja na swali jingine: hawa ng'ombe waliokwisha kuandikwa, kwenye nafasi hii mpya niwajazie nani?

Hilo ndilo swali nililopaswa kuwauliza watu kwa mdomo wangu kabla sijagusa kompyuta. Nikaiambia iache wazi kwanza, nikainua kichwa, nikauliza. Wakaja mmoja mmoja kwenye benchi langu, chai mkononi. Mzee Mwadime alikuja na Mama Mghoi kabisa. Akaniambia nimwandike huyu mama haraka, maana yeye hata rangi ya Sera ameanza kuisahau.

Nikafungua ukurasa wa Mama Mghoi. Anaowamiliki: hakuna. Anaowafuga: Sera. Alisoma polepole, kidole kwenye kioo, kisha akakirudisha pale juu palipoandikwa hakuna.

"Ndama wa kwanza alikwenda kwa mzee," akasema. "Huyu aliye tumboni ni wangu. Niwekee nafasi yake."

Nikamwambia nafasi ipo. Akacheka sasa, na mimi machozi yakanilenga, nikasingizia moshi wa jiko la chai.

Nilisoma orodha upya, mwenyewe na mfugaji, na safari hii hakuna aliyepinga. Nikamtumia daktari kwa simu. Shangazi alilirudisha daftari kabatini bila hotuba yoyote, akanijazia kabeji mbili kwenye mfuko, akakataa sweta lake nilipomrudishia.

Sasa sweta liko hapa kwenye kiti, na joto hili kulitazama tu kunanitoa jasho. Baba amepiga simu mchana kuuliza kama nimeshaacha, ili ajue.

Nimemwambia siwezi. Sera anazaa mwezi ujao, na kwenye ukurasa wa Mama Mghoi bado pameandikwa hakuna. Mimi ndiye nitakayepafuta.