Shangazi Hakuonja Kwanza

Precious, acha unachofanya usome. Kija yuko hapa sebuleni kwangu, analia kama mtoto. Simpi hata kitambaa.

Leo Radek, yule Mcheki aliyehamia Bariadi juzi juzi, kaanza ile ziara yake ya kuzungusha wazungu wakaonje pombe za kienyeji. Kija ndiye mkalimani. Na kwa akili zake akawapeleka kilabuni kwa shangazi yake mwenyewe, Nyamizi.

Mama wa watu akampa Radek kibuyu cha pombe ya mtama. Akakirudisha. Eti amesoma kwamba mpikaji lazima aonje kwanza.

Shangazi akasema ana kisukari, daktari amemkataza.

Radek akacheka. "Mwambie basi kuna kitu ameweka humo."

Na Kija akatafsiri. Precious, akatafsiri. Kwa Kisukuma, neno kwa neno, mbele ya kilabu kizima. Mjane mzee anayeishi peke yake, na unajua huku wanawake kama huyo huitwa wachawi, na wanafanywa nini.

Watu wakaweka vikombe chini.

Shangazi akakichukua kile kibuyu, akanywa mpaka tone la mwisho, macho kwa Kija tu. Haikusaidia. Wakaondoka mmoja mmoja, hata Mabula, aliyezaliwa mikononi mwa shangazi huyo huyo.

Radek akapiga makofi. Akauliza kama mama anaweza kurudia vile vile kila Jumamosi.

Kija akatafsiri na hiyo.