Baiskeli ya Adela

Mjukuu wangu Neema,

Ule mlio wa tik-tik-tik, wa baiskeli inayoteremka bila kukanyagwa, haujanitoka masikioni.

Marahaba, ingawa ni bibi yako kiukoo tu na nimekuzidi miaka minane. Huku Keza tu wazima.

Umeuliza kwa nini sijui kuendesha. Baba alimnunulia baiskeli dada yangu Adela; mimi akaniambia, "Wewe una vitabu." Kila jioni Adela aliteremka kati ya migomba na mafunjo ya bondeni, wivu ukiniunguza. Siku moja nikazitoa upepo tairi zote mbili. Akaisukuma mlima mzima, akafika nyumbani akicheka: "Miiba ya leo, msomi! Kesho nikufundishe?" Nikakataa kwa aibu.

Jumapili iliyopita ndipo nilipomweleza ukweli. Leo amenishikilia kiti cha baiskeli hadi darajani. Nimeanguka mara mbili.

Bibi yako,
Dina