Said Alikimbia, Talib Akaitwa

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Najua haya utayasoma kwenye simu ya mtu mwingine, maana namba yangu ulishaifungia tangu mwaka jana. Ndiyo sababu nimeyaandika waziwazi na kuyaweka kwenye kundi la wanawake wetu wote, wa Ibra, wa Sur na wa Nizwa. Wote hao nilishawahadithia kisa chetu, na katika kuhadithia kwangu mie nilikuwa mkweli na weye ulikuwa mwizi. Masikio yaliyosikia kile na yasikie na hiki.

Jina langu la Hija limetoka. Tulijiandikisha pamoja, unakumbuka, ukaniambia, "Tukienda nitakushika mkono, maana wewe hata sokoni unapotea." Langu limetoka, lako halikutoka. Nikwambie kweli? Neno la kwanza lililonijia halikuwa alhamdulillahi. Lilikuwa: mara hii nimempata. Kisha ndipo nikasujudu, na sijda yenyewe ikawa nzito, wallahi, kama nina mtu mgongoni.

Anayekwenda Hija huomba radhi nyumba kwa nyumba, kwani haki ya mja Mola haisamehi mpaka mja mwenyewe asamehe. Nimezimaliza nyumba zote za mtaa huu. Imebaki moja, nayo ina kufuli, wenyewe mko Sur.

Dada, mie nimekuonea wivu tangu tuko wadogo, tulipoletwa huku kutoka Tabora. Weye Kiarabu kilikuingia kwa mwaka mmoja. Mie mpaka leo muuza samaki ananicheka. Mama alipotufundisha kushona kofia za viua, kipande cha juu akakupa weye, cha pembeni akanipa mimi. "Mkono wa Salama una haraka," alisema. Ikawa hivyo maisha yetu yote, weye juu, mie pembeni, tunaziunga Jumanne, tunaziuza Jumatano soko la wanawake. Mnunuzi akichukua kofia anaigeuza, anatazama juu kwanza. "Mashallah, kazi ya nani hii?" Na weye ulikuwa ukisema, "Yetu sote." Hilo nalo likiniuma. Ningependa ungeringa kidogo, nipate la kukulaumu.

Said wangu alipozaliwa homa ilinishika, maziwa yakakatika. Talib wako alikuwa na miezi mitatu. Ukamweka Said ziwa la kushoto, Talib la kulia, ukacheka, "Tazama, nimepata pacha bila uchungu wa pili!" Nilipopona, kila nikimbeba Said analia, anageuza kichwa anakutafuta. Siku moja nilimnyakua kifuani mwako hata ukasema, "Taratibu, Salama, huyo si kofia." Ulidhani ni homa imebaki. Haikuwa homa. Nilimwonea wivu mtu aliyekuwa akimwokoa mwanangu.

Wakakua ndugu wa ziwa, wamefanana hata mwalimu akiwachanganya. Kitu kimoja tu kiliwatenga, mpira. Ukifika mguu wa kushoto wa Talib, watu uwanjani walikuwa wanaacha kuzungumza. Said yeye alikuwa na mbio tu. Kocha wa timu ya mtaa alikuwa akimpigia kelele, "Said, unaukimbiza mpira au unaukimbia?" Watu wanacheka, na mie nacheka, halafu narudi nyumbani nimefura.

Sasa nije pale sebuleni kwako.

Yule kocha wa timu ya chuo cha jeshi, chuo chenyewe sitakitaja, alikuja baada ya alasiri. Shemeji alikuwa kazini Sur. Kocha alikaa, akachukua tende, akacheka, "Kanuni inanikataza kuingia nyumba ya kijana yeyote aliyeomba chuo kabla ya majibu kutoka. Lakini kahawa ya kina mama nani anaikataa?" Weye ukamimina, mie nikaleta halwa. Ilikuwa wakati wa kumwambia, toka basi baba, kanuni ni kanuni. Hatukumwambia. Tulimwongezea halwa.

Akasema anautaka mguu wa Talib, ila kuna mbio za usaili kule Nizwa, mizunguko sita ya kupimwa kwa saa, na Talib ana pumu. Macho yake yakaenda kwa Said, aliyekuwa amekaa na mwenzake karibu na mlango.

"Huyu nani?"

"Ndugu yake wa ziwa," ukasema.

"Anakimbia?"

Hapo, dada, hapo. Wanawake wote niliwaambia kwamba ni weye uliyemtoa mwanangu. Si kweli. Mie ndiye niliyejibu, tena kabla hujafungua mdomo: "Anakimbia mpaka mbuzi wanamwonea haya."

Kocha akaweka kikombe chini. "Basi akimbie yeye, namba iwe ya Talib. Kadi nazikagua mimi."

Ulinitazama. Ukasema, "Salama, mwana ni wako. Sema wewe." Na mie sikuuliza kama ni haramu. Sikuuliza habari ya kifua cha Talib. Niliuliza, "Na Said atapata nini?"

"Mwakani, Mama Said. Mwakani zamu yake, nimekupa neno langu."

Akatikisa kikombe, khalas, kahawa imetosha. Alipoinuka ukampa kofia tuliyoimaliza wiki ile, weye juu, mie pembeni. Akaivaa palepale.

Said alikimbia Nizwa akiwa na namba ya mwenzake kifuani, Talib amejiinamia ndani ya gari. Akawa wa kwanza. Aliporudi aliniambia, "Mama, walinipigia makofi. Halafu wakaita Talib, nikaitikia." Alilisema kwa kucheka, lakini chakula hakula. Mie badala ya kumwonea huruma mwanangu nilikaa nakuhesabia weye: maziwa yako, mguu wa mwanao, na sasa hata makofi ya mwanangu yamekwenda kwako.

Majina yalipotoka, la Talib likiwemo, ukaita watu, ukapika, ukanifukiza udi kwa mkono wako. Kigelegele changu kilikuwa kirefu kuliko vyote. Ukanikumbatia, ukasema, "Huyu ndiye ndugu." Dada, kile kilikuwa kilio, nilikigeuza tu.

Miezi ikapita. Shaabani Talib akaanguka mazoezini. Tulikwenda pamoja hospitali, mie nimebeba chupa ya uji, weye umebeba yasini. Weye ulitangulia kuingia. Nilimkuta na barakoa ya pumzi usoni, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto, na weye umeushika mguu wake, ule wa kushoto, unausugua kama wa mtoto mwenye baridi. Nikasimama mlangoni. Na sasa nakwambia lile ambalo halijui mtu yeyote hapa duniani. Niliwaza: akitoka huyu, nafasi itakuwa wazi.

Niliwaza hivyo na chupa ya uji mkononi. Kisha nikaingia, nikakupa uji, ukanishukuru.

Daktari wa chuo ndiye aliyeanza kuuliza, kifua kama hiki kilipitaje kwenye mbio zile. Kikaundwa kikao cha uchunguzi. Afisa mmoja akanipigia simu Ramadhani, mtu mwenye adabu, akaniuliza kama mwanangu alikuwa Nizwa siku ile. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu." Nimefunga, nimeweka Msahafu mbele yangu, na nikasema sijui. Kwa nini? Kwa kukuhurumia weye? Hasha. Zamu ya Said ilikuwa bado haijafika. Neno la kocha lilikuwa bado zima.

Shawwal majina mapya yakatoka. Nikayasoma juu mpaka chini, chini mpaka juu. Said hayumo. Nikampigia kocha. Hakupokea. Nikampigia tena. Hakupokea. Nikaitafuta ile namba ya afisa, nikampigia mwenyewe. Nikamwambia, "Nimekumbuka."

Nikayasema yote. Yalikuwa kweli tupu, Mola shahidi, ila kweli ile nilikuwa nayo Ramadhani nikaifungia kabatini. Nimeitoa siku iliyonifaa.

Siku tulipoitwa ofisini, mie na weye na vijana wetu, kocha naye aliletwa. Alikuwa amevaa kofia yetu. Alipoulizwa alikataa, kisha akanigeukia, "Kahawa mlinipa wenyewe, Mama Said. Hukuniambia kwamba kanuni ni kanuni siku ile." Nikaitazama kofia. Na unajua niliona nini, Zuwena, katika saa kama ile? Niliona viua vyako vya juu vimetulia, na vyangu vya pembeni vimesongamana. Wivu hauna hata haya ya mahali.

Said aliulizwa, akasema, "Nilikimbia mimi." Talib akasema, "Na mimi nilikubali." Vijana walisema maneno mawili mawili, mama zao ndio waliokuwa na hadithi ndefu. Kocha akaondolewa kazini, na wakubwa wake wawili waliojua wakanyamaza nao wakaondolewa. Talib akarudishwa nyumbani. Said jina lake likapigwa mstari, hatoomba tena kazi yoyote ya jeshi. Leo anauza vipuri vya magari hapa Ibra. Hukumu ya haki. Sina la kuipinga.

Jioni ile ulinipigia simu, ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yako. Hukutukana. Ulisema tu, "Mwambie Said anirudishie maziwa yangu." Ukakata. Wiki ya pili mkahamia Sur.

Na mie nikabaki napokea sifa. Jumatano sokoni wananiita, "Huyu ndiye Salama, aliyesema haki, hata juu ya mwanawe!" Nami nainamisha kichwa kama mcha Mungu. Wananunua kofia zangu, sasa nashona juu na pembeni peke yangu. Hazikai vizuri kichwani. Hawasemi, lakini najua.

Basi nisikilize, dada. Sikuombi radhi kwa kusema. Yule kocha angewaita vijana wengine wenye vifua vibovu, na mmoja asingeamka. Talib mwenyewe asingekuwa hai kama angebaki kule. Ingekuwa leo ningesema tena, ila ningesema Ramadhani, na kabla ya hapo ningesema sebuleni, na kikombe kingali mkononi mwake. Nakuomba radhi kwa siku niliyoichagua. Na kwa lile la mlangoni hospitali. Hilo, kama hutaweza kulisamehe, nitaelewa. Mwenyewe bado sijalizoea.

Usidhani nimepona. Mwezi uliopita nilikuwa nafua kanzu ya Said, nikanusa. Harufu ya udi wako, ule unaouchanganya mwenyewe. Nikamwita.

"Ulikuwa wapi Ijumaa?"

Akatazama chini. "Sur, mama."

"Tangu lini?"

"Kila nikipata likizo. Tunacheza mpira ufukweni mimi na Talib. Anaweka dawa yake ya pumu mfukoni, akichoka anakuwa kipa."

"Na mama yako mkubwa?"

"Anatupikia samaki wa nazi. Ananiambia nimekonda."

Sahani ngapi unakula kule, nikamuuliza. Akasema mbili. Kwangu anakula moja, Zuwena! Nilikwenda jikoni nikapiga sufuria chini. Miaka yangu hamsini na ushei, tasbihi shingoni, napiga sufuria chini kwa sababu ya samaki. Halafu nikakaa kitako palepale, nikaelewa. Ulisema arudishe maziwa, na badala yake unamwongezea samaki. Sina mkono wa namna hiyo. Mama aliliona mapema.

Tutaondoka Ibra na kundi letu siku chache zijazo, kwa basi, kupitia Nizwa. Ukitaka kunijibu, mjibu Said, mdomo wake utanifikia. Usipotaka, nitakwenda na haki yako mgongoni, nitaibeba Tawafu nzima, na nitastahili.

Jambo moja nimeliazimia. Arafa, mtu anapotaja majina ya watu wake, nitamtaja Talib kwanza, kifua chake na riziki yake, kisha ndipo Said. Ni rahisi kuandika. Nimekuwa nikijaribu hapa jikoni, nakata vitunguu huku nainua ulimi: Ya Rabbi, mponye... na kila mara anatoka Said mbele, kama siku ile ya Nizwa, anakimbia tu. Juzi hivyo hivyo. Jana hivyo hivyo, nikalia, nikasingizia kitunguu.

Leo alfajiri baada ya sala ametoka Talib kwanza. Mara moja tu, kisha ikanitoka tena. Lakini nimeisikia sauti yangu ikilitaja jina lake, na dari haikuniangukia.

Nakupa mkono wa kuaga, dada. Nibusie Talib.

Mdogo wako, na mama mwenzio wa Said,
Salama